Dawa Ndani ya Kizibo

Kata ilikwaruza chini ya mtungi, kwaru, kwaru, kisha ikanyamaza. Jogoo alikuwa bado hajawika. Kiilu, aliyelala upande wa pili wa ukuta wa matofali mabichi, alijua kwamba mama yake ameamka kukomba maji ya mwisho. Alimsikia Syokau akiyamimina kwenye bakuli la bati polepole mno, kidole kimoja kikiwa ukingoni ili kimwambie maji yamefika wapi. Kidole hicho Kiilu hakukiona. Alidhani mama anakwenda polepole kwa sababu ya giza.

"Mwaitu, acha, nitaenda mtoni mimi," alimwita mama yake kwa Kikamba kupitia ukutani.

"Utaenda saa ngapi? Foleni ya kisima imekuwa ndefu kuliko ya hospitali. Haya ni ya uso wa Mutindi. Mkubwa wako akija kesho amkute mjukuu wangu na matongo, ataandika nini huko Nairobi?"

"Ataandika kwamba mama ya mtoto analala sana," akasema Ndila, mke wa Kiilu, kutoka chini ya blanketi, na wote watatu wakacheka, kila mmoja mahali pake.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka wa 1984, na mvua ilikuwa imekataa Kitui nzima. Njaa ile watu waliipa jina la kusema ninakufa na pesa nimezishika, kwa maana hata mwenye shilingi alifika dukani akakuta mfanyabiashara amekalia gunia tupu. Nyumbani kwa Syokau walikula mahindi ya njano ya msaada, na Ndila alikuwa amejifunza kuyapika muda mrefu ili yasimuume mtoto tumbo.

Ndila aliwasha taa ya chemni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mwalimu wa chekechea kanisani, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, ndiye aliyemwandikia mumewe rejista bila malipo.

"Jana tulihesabu wangapi upande wetu?" aliuliza.

"Ishirini."

"Wagonjwa ishirini, baada ya mwaka mzima wa dawa?"

"Watoto ishirini kati ya hamsini na wanane." Kiilu alikuwa akifunga viatu, hakuinua kichwa. "Mwaka jana walikuwa thelathini na tisa. Nilitegemea nikute watano au sita."

"Basi dawa haifanyi kazi."

"Inafanya. Nimeipaka watu miaka minane. Inafanya."

Hilo ndilo lililokuwa limewatia kwenye shida. Miaka minane Kiilu alikuwa amewatibu watu macho katika kituo cha afya huko Kasikeu, tyubu kwa tyubu, na kila mwaka waliopona walirudi tena wakiwa wagonjwa. Daktari Ahmednur, mpasuaji wa macho aliyekuwa akizunguka wilaya hizi, alimwona akiandika hesabu zake nyuma ya karatasi za zamani za dawa, akamwambia, "Wewe unauliza maswali. Mtu wa kuuliza maswali lazima afundishwe." Akamtafutia ufadhili wa miaka mitatu kutoka mfuko mmoja wa ng'ambo ambao uliwalipa matabibu wasome utafiti chini ya mkubwa wao, huku wakifanya kazi palepale penye wagonjwa. Serikali ikampa Kiilu likizo bila mshahara.

Kazi yenyewe mtoto angeielewa. Nyumba thelathini na nne za upande huu wa mto wa mchanga zingepewa tyubu za dawa ya macho. Nyumba thelathini na nne za ng'ambo zingefundishwa kuosha nyuso tu, na kungoja. Baada ya mwaka, pande zote mbili zingepimwa. Tofauti ikionekana, mfuko ungetoa miaka miwili iliyobaki, na tyubu za ng'ambo zingekuja kwa lori moja na hizo pesa. Tofauti isipoonekana, mambo yangeishia hapo.

"Na ikiishia hapo?" Ndila aliuliza, ingawa alijua.

"Nitarudi Kasikeu."

"Kasikeu kiti chako kina mtu, baba Mutindi. Na nyumba ina pazia la mwanamke mwingine."

Kiilu aliinuka akachukua tochi yake na lenzi. Jumapili iliyopita Nzuki, kaka yake Ndila, alikuwa ameteremka kutoka milima ya Mbooni na kiondo cha mapeasi, akamuuliza mbele ya wageni, "Shemeji, hebu nieleze vizuri. Wewe ni daktari wa kutibu ama wa kuhesabu?" Watu walicheka. Kiilu naye alicheka, na mapeasi aliyala, kwa maana mtoto wake alikuwa hajaonja tunda tangu mwezi wa nne.

*

Walivuka mto jua likichomoza. Katikati ya mchanga wanawake walikuwa wameketi wakizunguka shimo, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kimoja kimoja. Ndila aliwasalimia kwa majina. Kiilu alisalimia pia, lakini moyo wake haukuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu awe tabibu, alikuwa akivuka mto akiomba akute watoto wagonjwa.

Aliisikia sala hiyo ndani yake na akaionea haya, lakini hakuiacha. Ng'ambo mwaka jana watoto arobaini kati ya sitini na mmoja walikuwa na trakoma, ule ugonjwa wa kope unaoishia upofu. Wakibaki arobaini, basi ile ishirini ya upande wake ingesimama. Ingekuwa tofauti ndogo, lakini ingekuwa tofauti.

Mlango wa kwanza ulikuwa na namba 35 kwa chokaa. Kiilu akapiga magoti, akashika uso wa mtoto, akageuza kope ya juu kwa kijiti, akamulika. Ndani palikuwa laini. Akageuza ya pili. Laini.

"Hana," alisema. Ndila akaandika.

Namba 36, watoto watatu. Mmoja tu alikuwa na vipele vidogo vyeupe. Namba 37, hakuna. Namba 38, hakuna. Kufikia nyumba ya kumi Kiilu alikuwa akigeuza kila kope mara mbili, na watoto walianza kulia.

"Polepole," Ndila alimnong'oneza. "Unawaumiza."

"Shika tochi. Labda mimi ndiye sioni."

Mpaka saa sita walikuwa wamepima watoto wote isipokuwa mmoja. Wagonjwa kumi na saba. Mama mmoja alimwona Kiilu amekaa juu ya jiwe ameshika kichwa, akadhani ni njaa, akamletea uji katika kibuyu. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi cha kuona hadi chini ya kibuyu, na watoto wake wanne walikuwa wamesimama wakiutazama. Kiilu alikunywa funda moja kwa heshima, akarudisha kibuyu, akasema ameshiba.

Nyumba ya mwisho ilikuwa namba 68, ya bibi aliyeitwa Kalondu. Alikuwa rika moja na Syokau, na wote wawili walikuwa katika mwethya mmoja, kile chama cha wanawake waliokutana kila Jumanne kuchimba mitaro ya shamba la mmoja wao, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Kalondu alikuwa akimlea mjukuu, Kaluki, wa miaka minne. Mwaka jana mtoto huyo alikuwa ndiye mgonjwa kuliko wote. Alikuja akiongozwa kwa mkono, macho yameganda kwa usaha. Leo alikimbia mbele yao akimfukuza kuku.

"Ngoja nimpanguse kwanza," Kalondu alisema. "Mtu hapelekwi kwa daktari hivi."

Akafungua fundo la leso yake. Ndani ya fundo palikuwa na kizibo cha soda kilichofunikwa kwa kipande cha nailoni, na ndani ya kizibo palikuwa na dawa ya njano. Akachota kwa ncha ya kidole, akampaka Kaluki ndani ya kope ya chini, jicho hili na hili, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo kila siku.

Penseli ya Ndila ilisimama.

"Mama Kalondu," Kiilu alisema, "hiyo umeipata wapi?"

"Hii?" Bibi alimtazama kana kwamba amemuuliza jua limetoka wapi. "Si ni ile yako? Ya mwethya. Mama yako hakukwambia?"

*

Syokau alikuwa jikoni akichambua mawe katika ungo wa mahindi. Alijua hatua za mwanawe, na alijua kwamba leo zinakuja kwa hasira.

"Mwaitu, mligawa dawa."

"Tuligawa."

"Zote?"

"Nusu. Nusu ya kila tyubu tuliikamua kwenye vizibo, kila Jumanne, tukawapa wa ng'ambo. Mutindi aliokota vizibo dukani. Nilivichemsha, kama ulivyotufundisha."

Kiilu aliketi juu ya kinu. "Nilisimama barazani, mbele ya chifu. Nikasema kila tyubu ni ya nyumba yenye namba yake. Nikasema wa ng'ambo watapata yao mwaka ukiisha. Wote mliinamisha vichwa mkasema ndiyo."

"Tulisema ndiyo kwa sababu ulikuwa unaongea vizuri, na wageni walikuwapo. Ungetaka tukuaibishe?" Syokau aliweka ungo chini. "Kiilu, mwanangu. Jumanne nachimba mtaro kwa Kalondu. Yeye anachimba kwangu. Baba yako alipokufa, maji ya matanga yalitoka ng'ambo, kichwani kwa wanawake wale. Sasa niende kwake, nimkute mtoto anapapasa ukuta, na dawa iko nyumbani kwangu juu ya kabati. Nimwambie nini? Nimwambie ngoja mwaka?"

"Ungemwambia hivyo, mwaka huu angepata tyubu nzima. Wangepata wote! Nusu haimtoshi mtu. Upande huu hawakupona sawasawa kwa sababu ya nusu. Upande ule hawakuugua sawasawa kwa sababu ya nusu. Nitamwonyesha nani tofauti, mama? Tofauti iko wapi?"

Lile halikuwa limempitia Syokau kichwani, na sasa lilipompitia alilipokea bila kujitetea. Mikono yake ilirudi kwenye ungo, ikatafuta, ikaokota punje ya hindi, ikaitupa nje pamoja na mawe.

Ndila aliiona punje ile. Akaitazama ikianguka. Katika nyumba ile hakuna aliyetupa hindi mwaka huo.

"Mwaitu," Ndila alisema taratibu, akachutama mbele ya mama mkwe wake. "Hebu nitazame."

"Nakutazama."

"Nimeshika nini?"

Syokau alitabasamu, kama mtoto aliyekamatwa. "Umeshika kitu."

Kiilu hakuwa amempima mama yake mwaka mzima. Daktari Ahmednur alikuwa amesema mtafiti asipime nyumba yake mwenyewe, asije akaona anachotaka kuona. Nyumba yao, namba 12, angeipima Daktari mwisho wa mwaka. Na kabla ya hapo, mwana gani wa Kikamba angemshika mama yake uso na kumgeuza kope? Kila wiki alikuwa amemuuliza, "Mwaitu, unapaka dawa?" na kila wiki mama alijibu, "Dawa inapakwa." Alikuwa hajasema uongo.

Sasa alimshika. Aliushika uso ule kwa mikono miwili, akawasha tochi. Kope za juu zilikuwa zimejikunja kwa ndani, na nywele zake zilisugua kioo cha jicho kila alipopepesa. Jicho la kulia lilikuwa na kovu jeupe, kama tone la maziwa lililoganda. La kushoto lilikuwa limeanza. Ukingoni palikuwa na vidonda vidogo, mahali alipozoea kung'oa nywele zile kwa kibano, kwa kupapasa.

"Tangu lini?"

"Kibano ni cha zamani, hata mama yangu alikuwa nacho. Lakini huu ukungu ni wa tangu krismasi."

"Na tyubu yako wewe?"

"Mimi nilitoa yote. Nimeshaona vya kutosha, Kiilu. Kaluki ana miaka minne."

Kiilu alizima tochi. Alikaa amemshika mama yake mashavu muda mrefu kuliko alivyohitaji kama tabibu.

*

Jioni, kabla ya chakula, Ndila aliweka rejista mezani. Majina ya ng'ambo alikuwa ameyaandika kwa penseli, kama alivyofanya siku zote, ili ayapitishe wino nyumbani.

"Sikiliza kwanza, kisha unikasirikie," alisema. "Hii ni penseli."

Kiilu alimtazama.

"Mwaka jana ng'ambo walikuwa arobaini. Nikiandika leo thelathini na wanane, nani ataenda kuwageuza kope? Daktari anapima nyumba yetu tu na chache za upande huu. Nchi nzima haina mtu mwingine wa kuja huku. Watakupa miaka miwili. Lori litakuja. Wale watoto watapata tyubu nzima, Kiilu, si kizibo. Ni uongo wa kumdhuru nani?"

Hakuwa mwanamke mwovu. Jana yake, dukani kwa Maano, alikuwa ameomba kilo mbili za unga hadi hela za mfuko zifike, na Maano, mtu mpole aliyemwamini kila mtu, alimpa kilo moja bila kuandika popote, akasema, "Hii ni ya mtoto. Ile nyingine siwezi, mama, nisamehe." Kusamehewa deni kabla hujakopa kulimuuma kuliko kutukanwa.

"Kule Kasikeu," Kiilu alisema hatimaye, "waliniletea kikaratasi cha kusema dawa fulani, si hii, inaponya. Nikaipaka watu miaka miwili. Haikuwa inaponya. Mtu mahali fulani alikuwa na penseli."

"Huyo si wewe."

"Alikuwa na mke na mtoto, labda. Na njaa."

Ndila alichukua penseli akaitia mfukoni. Akachukua kalamu ya wino. Alianza kupitisha: namba 35, hana. Namba 36, mmoja. Aliandika ukurasa wa kwanza machozi yakimtoka, na mwandiko wake haukupinda hata mstari mmoja.

*

Daktari Ahmednur alifika Alhamisi saa nne, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mrefu wa Garissa, mwenye ndevu za hina, aliyeweka mkono kifuani kila alipomsalimia mwanamke. Kiilu alimwambia yote kabla hajakaa. Alimwonyesha rejista, na kizibo.

Daktari alikishika kizibo juu ya kiganja, akakigeuza. Kwa muda alionekana kama atacheka.

"Miaka thelathini natibu macho," alisema. "Nimeona tafiti zikifa kwa vita, kwa mafuriko, kwa karani kuiba petroli. Hii ni ya kwanza kufa kwa wema."

"Utasema nini kwao?"

"Nitasema ulivyoniambia." Akavuta kiti. "Na nitakwambia ukweli, kwa sababu wewe umeniambia wako. Watafunga. Wana fomu, na katika fomu hakuna mahali pa kuandika kizibo. Nitawaandikia barua ndefu. Nitawaambia kwamba kosa ni langu. Mimi nilichora mstari juu ya mto bila kuuliza ni nani anayeuvuka. Wewe ni wa hapa, ungeweza kuniambia. Lakini mwanafunzi hamwambii mwalimu wake hivyo, na mwalimu mzuri huuliza. Sikuuliza."

"Nilijua mwethya upo," Kiilu alisema. "Tangu nizaliwe naujua. Nilidhani kwa sababu ni sayansi, watauacha kando."

"Sote tulidhani." Daktari alivua saa yake. "Mama yuko wapi?"

Syokau alipasuliwa siku ileile, chini ya dirisha, juu ya meza ya chakula iliyoondolewa rejista. Ndila alichemsha vyombo kwa maji ambayo wanawake watatu wa ng'ambo walikuwa wameyaleta bila kuombwa. Habari zilikuwa zimevuka mto kabla ya jua. Kiilu alishika taa. Daktari aligeuza kope zile nje, akazishona, na muda wote aliongea na Syokau kuhusu ngamia wa mama yake, ambaye alikataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote hata siku ya harusi.

"Ulikamuliwa na nani basi?" Syokau aliuliza, amelewa ganzi, na nyumba nzima ikacheka, kwa maana alikuwa amemchanganya daktari na ngamia.

Mwishoni Ahmednur alinawa, akamvuta Kiilu uani.

"La kulia limekwenda. La kushoto litakaa lilivyo, akitunzwa. Angekuja Januari, ningeyaokoa yote mawili."

"Januari nilikuwa nalala ukuta mmoja naye."

Daktari aliweka mkono begani mwake akauacha pale. Kabla ya kuondoka alitoa kwenye gari tyubu zote alizokuwa nazo za zahanati yake. Zilikuwa kumi na moja.

*

Barua ya mfuko ilikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa nusu ukurasa, na ilimshukuru. Siku iliyofuata Kiilu alivaa koti akaenda ofisi ya wilaya kuomba arudishwe kazini. Karani alimweka kwenye benchi kutoka saa mbili hadi saa nane, kisha akafungua faili bila kuketi.

"Ni wewe yule wa utafiti?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Tulisikia unakuwa profesa." Akapekua. "Kiti hakuna. Andika barua ya kuomba, tutapeleka mbele. Miezi mitatu, sita. Na ukipata, itakuwa ni kule watakakokutupa, si kule mama yako alipo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na macho yangu yananiwasha jioni," karani aliongeza, akashusha sauti. "Ni nini hiyo?"

Kiilu alimsogeza dirishani, akamtazama vizuri, akamwambia anunue miwani ya kusomea na apumzike. Karani alisema asante, na jina la Kiilu akaliandika kwenye daftari mstari wa kwanza wa ukurasa mpya. Lilikuwa ni jambo dogo. Halikuwa na maana yoyote hadi mwaka uliofuata, nafasi ya kazi ilipopatikana.

Ndila alimngoja njiani amemshika Mutindi mkono. Hakumuuliza jibu, aliliona kwenye mwendo. "Nzuki ametuma neno," alisema. "Kuna kibarua Mbooni cha kuchuma kahawa. Mimi na mtoto twende kwanza. Wewe ubaki na mama, jicho lisije likaharibika."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka waje kukuchukua wakutupe mahali." Alijaribu kucheka. "Huko nitawaambia wewe ni daktari wa kutibu."

*

Jumanne Kiilu alivuka mto kuwaambia wa ng'ambo. Tyubu kumi na moja alikuwa nazo mfukoni, na alikuwa amepiga hesabu njia nzima jinsi ya kuzigawia nyumba thelathini na nne.

Wanawake wa mwethya walikuwa katika shamba la Kalondu, wakichimba mtaro katika ardhi ngumu kama sakafu, ingawa hakuna wingu lililoonekana. Syokau alikuwa miongoni mwao. Hakuweza kuchimba, alikaa ukingoni na jicho lake moja, akikusanya mawe waliyoyatoa na kuyapanga kwa kupapasa. Watoto wote walikuwa wameoshwa nyuso. Maji yale Kiilu alijua yalitoka wapi na yalichukua saa ngapi.

Alisimama akawaambia. Alisema mfuko umefungwa, lori haliji, na tyubu walizoahidiwa hazipo. Hakusema ni kwa sababu ya vizibo. Lakini Syokau alikuwa amekwisha kuwaambia, kwa maana jembe moja baada ya jingine liliwekwa chini, na hakuna aliyemtazama usoni.

Kalondu ndiye aliyekuja. Alifungua fundo la leso yake akatoa kizibo, kitupu, kilichosuguliwa kiking'aa, akamwekea Kiilu mkononi kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Tumekuharibia," alisema.

Kaluki alikuwa amesimama kando yake, ameinua uso juu na kufumba macho, akingoja kugeuzwa kope kama alivyozoea. Kiilu akapiga magoti, akawasha tochi, akamtazama jicho hili na hili. Katika la kushoto palikuwa na vipele viwili vyeupe ambavyo mwezi uliopita havikuwapo.

Alimpa Kalondu tyubu moja, nzima, na kwa mara ya kwanza hakumwambia ni ya nani. Akaanza kwenda kwa mtoto wa pili, na wa tatu, hadi jua likakaa juu ya vichwa vyao na tochi ikaanza kufifia. Alipomaliza alisimama, akajipangusa magoti, akamshika mama yake mkono ili wavuke.

"Daktari," Kalondu aliita nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa wiki tano. "Ile namba ya chokaa mlangoni kwangu sitaifuta. Jumanne ijayo tunachimba kwa Mumbua, pale chini. Najua huna dawa. Lakini wewe njoo tu, ututazame."